Stima Nyumbani: Ishara za Kumwita Fundi Mwenye Leseni

Stima imefika katika nyumba nyingi za Wang'uru na vijiji vya Mradi wa Unyunyizaji wa Mwea. Mpango wa Last Mile, ulioanza mwaka wa 2015, ulishusha ada ya kuunganishiwa umeme kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000, na familia ambazo awali zilitumia koroboi zikapata taa. Tangu hapo matumizi yameongezeka. Nyumba iliyoanza na balbu mbili na soketi moja sasa ina friji, pasi, birika la umeme, televisheni na pengine shawa ya maji moto. Mara nyingi nyaya zilizo ukutani ni zile zile za siku ya kwanza.

Somo hili linaeleza kazi ambazo mwenye nyumba anaweza kuzifanya mwenyewe, ishara zinazomtaka aite fundi, na namna ya kumtambua fundi aliyeruhusiwa na sheria.

Breka hulinda waya, RCD humlinda mtu

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Kutoka kwenye mita huingia katika kisanduku chenye swichi kuu na breka. Kila breka husimamia njia moja: ya taa, ya soketi au ya shawa. Waya wa njia hiyo ukibebeshwa mzigo kupita kiasi, au nyaya mbili zikigusana na kuleta shoti, breka hujizima kabla ya waya kuyeyuka na kuwasha moto.

Breka ya kawaida, hata hivyo, haikuwekwa ili kuokoa mtu aliyenaswa na umeme. Balbu ya LED ya wati 9 hutumia takriban ampia 0.04. Umeme wa kiasi hicho ukipita kifuani unaweza kuusimamisha moyo, ilhali breka ya soketi ya ampia 20 haiwezi hata kuuhisi. Anayeuhisi ni kifaa kingine kiitwacho RCD. Hiki hupima umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika ampia 0.03, hukata stima mara moja. RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Mwenye nyumba akikibonyeza, stima inapaswa kukatika papo hapo. Jaribio hili lifanywe angalau kila baada ya miezi mitatu. Stima isipokatika, kifaa hakimlindi mtu tena. Nyumba ambayo haina RCD kabisa inafaa kuwekewa, hasa ikiwa ina shawa ya umeme au pampu ya maji.

Hesabu ndogo kabla ya kuchomeka

Kila kifaa kina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Wati zikigawanywa kwa volti 240, jibu ni ampia ambazo kifaa kitavuta. Birika la wati 2,000 huvuta ampia 8.3. Pasi ya wati 1,200 huvuta ampia 5. Vikitumika pamoja kwenye ekstensheni moja ya ampia 13, mzigo unafika ampia 13.3, yaani umepita kipimo, hata kabla ya mtu kuchaji simu. Ekstensheni ya bei ya chini yenye nyaya nyembamba itapata moto mapema zaidi.

Shawa ya wati 5,000 huvuta karibu ampia 21. Kwa sababu hiyo haifai kuunganishwa kwenye soketi wala kwenye njia ya taa. Inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku, breka yake, na waya mnene. Kwa kawaida njia ya taa hutumia waya wa milimita mraba 1.5, njia ya soketi 2.5, na shawa 6. Anayesema kwamba waya wowote utafanya kazi hiyo hajui anachokisema, au anajua na hajali.

Kazi za mwenye nyumba

Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: kilicho nje ya ukuta na kinachochomoleka ni cha mwenye nyumba; kilicho nyuma ya kifuniko ni cha fundi. Mwenye nyumba anaweza:

- kubadilisha balbu baada ya kuzima swichi na kuiacha balbu ipoe;
- kubadilisha fyuzi ya plagi kwa fyuzi ya ampia zile zile, kamwe si kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara;
- kuchomoa vifaa vyote breka inapojizima, kuiwasha mara moja, kisha kuvirudisha kimoja kimoja ili kujua kipi kibovu;
- kuchomoa friji, televisheni na pasi stima inapopotea, na kusubiri dakika chache inaporudi.

Hili la mwisho lisidharauliwe. Mnamo Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Katika hali kama hiyo, pasi iliyoachwa juu ya nguo itawaka yenyewe stima ikirudi usiku, watu wakiwa wamelala.

Jambo moja linalofanywa katika nyumba nyingi linafaa kukoma: kuingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Tundu lina mlango unaofungua njia ya matundu mawili yenye stima, na mlango huo uliwekwa kwa sababu ya watoto. Adapta inayofaa si ghali.

Ishara za kumwita fundi

Ishara zifuatazo hazingoji mwisho wa mwezi:

- Breka inajizima tena baada ya vifaa vyote kuchomolewa. Kosa liko ndani ya ukuta. Kuweka breka kubwa zaidi ni sawa na kumnyamazisha mbwa anayebweka mwizi akiwa mlangoni.
- Soketi au swichi ina joto, imegeuka rangi ya kahawia, au inatoa harufu ya plastiki inayoungua.
- Sauti ya kuchemka au cheche inasikika au kuonekana swichi inapobonyezwa.
- Mtu anahisi mtetemo au kuchomwachomwa anapogusa bomba la shawa, friji, mlango wa chuma au bati la ukuta. Stima izimwe kwenye swichi kuu, na shawa isitumike tena hadi ikaguliwe.
- Taa za chumba kimoja zinafifia kila pasi au birika linapowashwa.
- Nyumba inaongezwa vyumba, au inawekewa shawa, jiko la umeme au pampu.

Kuna ishara moja ambayo si ya fundi wa nyumba. Balbu zikiwaka kwa mwanga mkali kupita kawaida huku nyingine zikififia, huenda waya wa kurudisha umeme umekatika nje na volti zimepanda. Swichi kuu izimwe mara moja na Kenya Power ifahamishwe. Kila kitu kilicho kabla ya mita na mita yenyewe ni jukumu la kampuni hiyo, na ni kosa kisheria kuichokora mita. Kilicho baada ya mita ni jukumu la mteja.

Udongo na maji ya Mwea

Wang'uru ina mambo mawili yanayofanya somo hili kuwa la dharura zaidi. La kwanza ni udongo mweusi. Wakati wa mvua hufura, na kiangazi hunywea na kupasuka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi imara hupata nyufa, na nyaya zilizo ndani ya ukuta huvutwa na kulegea kwenye viungo. Kiungo kilicholegea hupata joto. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba yenye stima, ufa unaopita karibu na soketi unahitaji fundi wa umeme kabla ya mwashi.

Udongo huo huo huathiri ethi. Chuma cha ethi huzikwa ardhini, nao udongo ukikauka na kunywea, huachana na chuma hicho. Ethi iliyopimwa vizuri mwezi wa Mei inaweza kuwa dhaifu mwezi wa Februari. Fundi mzuri hupima ethi kwa kifaa maalum. Hatosheki na kutazama tu kwamba waya upo. Inafaa kumwomba aipime wakati wa kiangazi, ardhi inapokuwa kavu kabisa.

Jambo la pili ni maji. Mtu anayetoka shambani akiwa na miguu mitupu na mikono iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mtu mkavu aliyevaa viatu. Swichi isiguswe kwa mkono wenye maji. Waya wa pampu usiburutwe kwenye mfereji, wala kuunganishwa kwa kufungwa na karatasi ya nailoni. Waya wa nguzo ukianguka kwenye shamba la mpunga lenye maji, shamba lote lihesabiwe kuwa na stima. Watu na mifugo wakae mbali, angalau mita kumi, hadi Kenya Power ithibitishe kwamba umeme umezimwa.

Namna ya kumtambua fundi

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, wanaofanya kazi ya kufunga umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA. Vyeti vya mafundi vina madaraja kuanzia C-2 hadi A-1, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Wanaofunga mitambo ya sola wana leseni zao, T1, T2 na T3. Mashine ya kukoboa mpunga inayotumia umeme wa njia tatu, volti 415, haistahili kushikwa na fundi ambaye daraja lake ni la nyumba ndogo.

Wakaazi wengi huchanganya karatasi mbili. Cheti cha majaribio ya ufundi kutoka NITA, au cha chuo cha ufundi, kinaonyesha kwamba mtu amejifunza kazi. Leseni ya EPRA ndiyo ruhusa ya kuifanya. Kijana mwenye cheti cha kwanza pekee anaweza kufanya kazi chini ya usimamizi wa mwenye leseni, na kwa njia hiyo hupata uzoefu wa kuomba yake.

Kabla ya kazi kuanza, mwenye nyumba aombe kuona leseni, alinganishe jina na kitambulisho, na aangalie tarehe ya mwisho. EPRA huweka orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Aombe pia orodha ya vifaa na bei kwa maandishi. Nyaya na breka ziwe na alama ya ubora ya KEBS. Nambari iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa kutuma SM#, ikifuatwa na nambari yenyewe, kwa 20023. Kazi ikiisha, fundi apime mbele ya mwenye nyumba na kuacha cheti chenye sahihi yake. Kwa nyumba mpya, Kenya Power huhitaji cheti hicho kabla ya kuunganisha stima.

Kwa wenye ploti za kukodisha, gharama hii isiachiwe mpangaji. Mpangaji anawajibika kwa vifaa vyake na kwa kutoa taarifa mapema. Nyaya za ukutani ni za mwenye ploti. Taarifa itolewe kwa ujumbe wa simu ili tarehe ibaki.

Ajali ikitokea

Aliyenaswa na umeme asiguswe. Swichi kuu izimwe kwanza. Ikiwa haifikiki, mtu asimame juu ya kitu kikavu na kumsukuma mwathiriwa kwa kijiti kikavu cha mbao au kiti cha plastiki. Asipopumua, aanze kufinywa kifua mara moja huku msaada ukiitwa. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, kwa mfano ile ya Kimbimbi, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Moto wa umeme haumwagiwi maji. Stima ikatwe, mchanga mkavu au kizimamoto cha poda kitumike ikiwa moto bado ni mdogo, na watu watoke nje.

Maswali ya kujipima

1. Breka ya soketi imejizima mara tatu leo, na vifaa vyote vimechomolewa. Hatua ifuatayo ni ipi? *Kuiacha imezimwa na kumwita fundi mwenye leseni.*
2. Jiko la wati 1,500 na birika la wati 2,000 vinaweza kutumia ekstensheni moja ya ampia 13? *La. Pamoja vinavuta karibu ampia 14.6.*
3. Nyumba ina breka mpya lakini haina RCD. Watoto wako salama? *Nyaya zimelindwa, watoto bado.*
4. Fundi ana cheti cha NITA tu. Anaweza kufunga nyumba peke yake? *La. Afanye kazi chini ya mwenye leseni ya EPRA.*

Nambari muhimu: Kenya Power 97771 au *977#. Dharura 999 au 112.