Matumbo na Mikono: Nadharia ya Malthus na Vilima vya Machakos

Utangulizi

Waswahili husema kwamba mtoto huja na riziki yake. Kauli hiyo inakinzana na nadharia aliyoitoa kasisi Mwingereza, Thomas Robert Malthus, mnamo 1798. Makala haya yanaieleza nadharia hiyo kwa muhtasari na kuipima kwa mfano wa Machakos, Kenya.

Nadharia

Kwa mujibu wa Malthus, idadi ya watu isipozuiwa hukua kwa kuzidishwa: 1, 2, 4, 8, 16, ilhali chakula huongezeka kwa kujumlishwa: 1, 2, 3, 4, 5. Pengo linalozuka huzibwa na njaa, maradhi na vita, au na watu wenyewe wakichelewa kuoana. Mwaka wa 1965, mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alilipindua wazo hilo: kwake, ongezeko la watu ndilo huwasukuma wakulima kubadili mbinu za kilimo.

Mfano wa Machakos

Katika miaka ya 1930, maafisa wa kikoloni waliamini kwamba vilima vya Machakos vilikuwa vimelemewa na watu na mifugo. Mnamo 1938 serikali ilitwaa ng'ombe kwa nguvu, nao Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaandamana hadi Nairobi. Wilaya hiyo, iliyojumuisha Makueni ya leo, ilikuwa na watu takriban 240,000 mwanzoni mwa mwongo huo; kufikia 1989 walikaribia milioni 1.4. Hata hivyo, utafiti wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki uliochapishwa mwaka wa 1994 ulibainisha kuwa mmomonyoko ulipungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda. Vikundi vya mwethya, yaani kazi ya ujima, vilichimba matuta ya "fanya juu": mtaro hukingama mteremko, na udongo hutupwa upande wa juu ili ujenge ukingo. Istilahi hiyo ya Kiswahili hutumika hata katika maandishi ya kilimo ya Kiingereza bila kutafsiriwa.

Hitimisho

Mfano huu haumzimi Malthus kabisa. Kahawa, soko la Nairobi na mishahara ya waliofanya kazi mjini vilichangia kugharimia mabadiliko hayo. Pasipo soko wala barabara, huenda ongezeko la watu likaishia kuligawa shamba vipande vipande. Malthus alihesabu matumbo akaisahau mikono. Anayemkosoa naye asisahau kwamba mikono huhitaji jembe. Riziki ya mtoto haiji naye, huandaliwa.