Mkwara Kwenye Poka: Wakati wa Kuupiga na Wakati wa Kuuacha

Mwaka 2003 fainali ya mashindano ya dunia ya poka mjini Las Vegas ilibaki na watu wawili: Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, na Sam Farha, mzoefu wa meza za fedha nyingi. Katika mkono mmoja, mhasibu alishika mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Mezani zilikuwa zimefunguliwa tisa, sita na nane, zote za shupaza, pamoja na mbili ya uru. Hakuwa hata na jozi, lakini alipandisha dau.

Hakubahatisha. Shupaza yoyote ingemkamilishia karata tano za aina moja. Tano au kumi ingemkamilishia mfululizo. Hizo ni karata 15 kati ya 46 asizoziona, karibu theluthi. Mkwara mzuri hupigwa hivyo, ukiwa na mlango wa pili: mwenzako akitupa karata, umeshinda, akilipa, bado kuna karata inayoweza kukuokoa.

Karata ya mwisho ikatoka tatu ya kopa. Patupu. Moneymaker akasukuma chipu zake zote mezani. Farha, mwenye jozi ya tisa, akawaza weee, kisha akatupa, na baadaye ubingwa ukaenda kwa mhasibu. Uongo ule uliuzika kwa sababu dau lililotangulia lilishasema jambo lilelile: nina shupaza. Tena shupaza tatu zilikuwa mezani kila mtu akiziona. Mtu aliyekaa kimya raundi zote kisha akalipuka mwishoni haaminiki, labda na mgeni.

Sasa hesabu, ambayo wengi huiruka. Mezani pakiwa na shilingi 10,000 nawe ukatia 5,000, mkwara wako unapaswa kufaulu zaidi ya mara moja kati ya tatu ndipo ulipe. Ukitia 10,000, ufaulu zaidi ya nusu. Kwa hiyo dau kubwa si lazima liwe bora. Tafuta kiasi kidogo kabisa kinachotosha kumtoa mtu.

Na ni mtu gani? Yupo king'ang'anizi anayelipa kila dau ilimradi tu azione karata zako. Huyo usimtishe, msubiri ukiwa na mkono mzito, atakulipa mwenyewe. Mkwara ni wa mchezaji makini anayejua kutupa jozi nzuri. Wakiwa watatu, achana nao: hata kama kila mmoja hutupa karata nusu ya nyakati, wote kutupa kwa pamoja ni mara moja kati ya nane.

Kuhusu uso mkavu, binafsi naona unasifiwa kupita kiasi. Kinachowaumbua wengi ni mkono: wakiwa na karata kali hutia nusu ya kilichopo mezani, wakidanganya hutia chote, tena haraka. Tia kiasi kilekile, kwa mwendo uleule, iwe unayo au huna.