Khuntha, Mukhannath na Kazi ya Ualimu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya hayo, tumeulizwa mas'ala haya: Yafaa serikali kutunga sharia ya kuwazuia, katika skuli zake, walimu waliobadili jinsia? Jawabu yataka kupambanua, kwani mwenye kuchanganya mambo matatu katika hukumu moja huyakosa yote.

Kwanza ijulikane khabari yenyewe. Nchini Marekani, tarehe 15 Juni 2020, Mahakama Kuu iliamua, majaji 6 kwa 3, kuwa sharia ya mwaka 1964 yamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa kuwa amebadili jinsia. Mwezi wa Mei 2023 jimbo la Florida likaja kwa njia nyengine. Halikukataza kumwajiri mwalimu huyo, bali lilimkataza kuwaambia wanafunzi wamwite Bwana au Bibi kwa kinyume cha jinsia aliyozaliwa nayo. Mwezi wa Aprili 2024 jaji aliizuia sharia hiyo kwa mwalimu mmoja aliyeshitaki, na Julai 2025 mahakama ya rufaa ikakiondoa kizuizi hicho. Lenye faida kwetu ni hili: sharia hiyo yenyewe imewatoa waliozaliwa na hitilafu ya maumbile yenye kuthibitika kwa uganga. Basi hata watu wasiosoma fiqhi wameona haja ya kupambanua.

Na maulamaa wetu wamepambanua zamani. Jua, ewe ndugu, kuwa watu hawa ni mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni khuntha, aliyeumbwa na alama za kiume na za kike. Fiqhi ya Imamu Shafi'i imemwekea hukumu zake: katika sala husimama nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake, na katika mirathi hupewa lile lenye yakini, na lililosalia likangojewa. Huyu hawezi kuwa imamu wa wanaume, kwa kuwa uimamu huo umeshurutishwa uume. Lakini ualimu haukushurutishwa uume. Bibi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, aliwafundisha Masahaba, na Karima wa Marw alisomesha Sahihi ya Bukhari huko Makka. Basi kwa hoja gani khuntha azuiwe kusomesha? Na watu hawa wako kwetu: Kenya, katika hesabu ya mwaka 2019, walihesabiwa 1,524.

Fungu la pili ni aliyeumbwa na ulaini wa sauti na mwendo, pasipo kujikalifisha. Imamu Nawawi, katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, amesema kuwa huyu hana lawama wala dhambi, maana hakujitendea mwenyewe.

Fungu la tatu ni mwenye kujifananisha na jinsia nyengine kwa kusudi. Hilo limekatazwa kwa Hadithi iliyo katika Bukhari, nasi hatulihalalishi.

Basi twasema: mzazi ana haki ya kuulizia afundishwalo mwanawe, kwani mtoto ni amana, na serikali yaweza kuweka sharti juu ya lisemwalo darasani. Lakini sharti hilo liwe juu ya kitendo kilicho dhahiri na chenye kuhusu kazi. Sharia ikiwa mlango wa kupeleleza miili ya watu na siri za nyumba zao, imeingia katika lililokatazwa na Suratul Hujurat, aya ya 12. Na hata huyo wa fungu la tatu, kosa lake halimhalalishii mtu yeyote kumpiga wala kumtukana. Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza kuacha uadilifu kwa ajili ya kuwachukia watu.

Wala tusiinyoshee kidole Florida tukajisahau. Ni mara ngapi barazani mwetu mwalimu mwenye sauti nyororo huitwa jina baya, watoto wakalidaka, na mwisho baba akamtoa mwanawe chuoni? Hapo hakuna sharia iliyotungwa wala shahidi aliyesikilizwa, na riziki ya mtu imekatwa kwa ulimi. Majina ya kuaibisha yamekatazwa katika Sura hiyo hiyo ya Hujurat, aya ya 11. Mwenye kusema hivyo na atubu, kisha aende kwa mwalimu huyo amtake radhi.

Wallahu a'lam.