Hewa ya Wang'uru Hubadilika na Msimu: Somo kwa Kila Mkazi

Mji wa Wang'uru, Kaunti ya Kirinyaga, umezungukwa na mashamba ya mpunga ya Mwea. Hewa inayovutwa na wakazi wake hufuata kalenda ya mvua na mavuno. Anayeielewa kalenda hiyo anaweza kuilinda familia yake mapema.

Misimu minne ya hewa

Machi hadi Mei, masika hunyesha. Mvua huosha hewa kwa kuangusha vumbi na chembe za moshi. Hata hivyo, kuni zikilowa, moshi huzidi jikoni.

Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na mawingu. Watu hufunga madirisha na kukaa karibu na jiko, hivyo moshi mwingi huvutwa ndani ya nyumba.

Oktoba hadi Desemba, mvua za vuli husafisha hewa tena. Lakini mavuno makuu yakianza mwishoni mwa mwaka, mabua yanayochomwa shambani na makapi yanayochomwa karibu na vinu hurudisha moshi.

Januari na Februari ni kiangazi. Vumbi la barabara za udongo huungana na moshi, wala hakuna mvua ya kuviondoa. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, limewezesha wakulima wengi kuvuna mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni neema, ila mavuno mawili huleta mabua mara mbili.

Kwa nini asubuhi huwa mbaya zaidi?

Usiku usio na mawingu, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa iliyo karibu nayo. Hewa baridi ni nzito, hivyo hubaki chini, huku hewa yenye joto ikikaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi uliowashwa jioni hunaswa hapo mpaka jua lipande na kuichanganya hewa. Huo ndio wakati watoto wanapotembea kwenda shule.

Madhara yake

Chembe hatari zaidi ni zile zisizoonekana, zenye upana wa chini ya maikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban maikromita 70. Chembe hizo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa.

Wanaoumia kwanza ni watoto wachanga, wajawazito, wazee, na wenye pumu au ugonjwa wa moyo. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua chake kinabonyea ndani apumuapo, au anayeshindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mabua ni mali

Mkulima huchoma mabua ili shamba liwe wazi upesi kwa msimu ujao. Sababu hiyo inaeleweka, lakini hasara yake ni kubwa: karibu naitrojeni yote iliyo ndani ya mabua hupotea hewani, kisha mkulima huinunua tena kwenye mfuko wa mbolea. Mabua yakifungwa marobota, huuzwa kwa wafugaji. Yakioza shambani au kwenye shimo la mboji, hurutubisha udongo.

Makapi nayo ni takriban sehemu moja kwa tano ya uzito wa mpunga. Gunia la kilo 100 hutoa karibu kilo 20. Hutandikwa kwenye mabanda ya kuku au hushindiliwa kuwa makaa ya kupikia.

Hatua za nyumbani

• Kausha kuni kabla ya mvua na uzihifadhi mahali pakavu. Fungua dirisha la jikoni unapopika.
• Wakati wa moshi, ahirisha kazi nzito na michezo ya watoto ya asubuhi hadi hewa itakapokuwa safi.
• Nyunyiza maji uani kabla ya kufagia.
• Mwenye pumu asikose dawa yake ya kuvuta wakati wa mavuno.
• Leso au barakoa ya kitambaa hupunguza vumbi, lakini haizuii chembe ndogo za moshi.

Haki na wajibu

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa hewa. Mkazi anayesumbuliwa na moshi azungumze kwanza na jirani yake. Usipokoma, apeleke taarifa kwa chifu au kwa afisa wa afya ya umma, akitaja mahali, siku na saa.

Zoezi la mwezi mmoja

Kila asubuhi, mwanafunzi aandike daftarini: Je, kuna moshi, vumbi au ukungu? Mvua ilinyesha jana? Nani nyumbani alikohoa? Mwezi ukiisha, familia isome daftari hilo pamoja, kisha ilipeleke kwenye mkutano wa kijiji. Baraza husikiliza zaidi malalamiko yenye tarehe.