Mazoezi ya Mwili: Faida Zisizosemwa Sana



Mazoezi yakitajwa, wengi wetu tunafikiria mpira au kupunguza tumbo. Somo hili linaeleza faida nyingine, na tunaanzia Kamwokya, hapa Kampala, maana pale kazi za kukaa na kazi za nguvu zimepakana mlango kwa mlango. Fundi cherehani na dereva wa boda boda hukaa kutwa. Mchukuzi wa matoke sokoni hapati hata nafasi ya kukaa.

Tuanze na moyo, kwa kuwa ushahidi wake ulitoka kwa wafanyakazi wenzetu. Mwaka 1953 Daktari Jeremy Morris wa Uingereza alitoa matokeo ya uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Basi ni moja, lakini dereva alikaa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa siku nzima. Makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva. Je, huenda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo? Morris mwenyewe alitazama vipimo vya sare, akakuta kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni. Kwa hiyo ngazi hazikuwa sababu pekee, ila uchunguzi mwingi uliofuata umeonyesha kwamba mwendo hulinda moyo.

Jambo lisilojulikana sana ni sukari. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini isipofanya kazi vizuri, na nafuu hiyo huweza kuendelea siku moja au mbili. Ndiyo maana kutembea dakika 15 baada ya chakula cha mchana si kupoteza wakati. Misuli ya tafu nayo husukuma damu irudi juu. Fundi asiyenyanyuka huvimba miguu jioni. Tena mazoezi huleta usingizi mzuri na hupunguza huzuni, ugonjwa ambao wengi wetu tunauonea haya.

Mchukuzi atauliza: mimi nabeba mizigo tangu alfajiri, mazoezi ya nini tena? Swali lake ni la haki. Uchunguzi wa watu zaidi ya 100,000 huko Copenhagen, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mazoezi ya wakati wa mapumziko yaliambatana na hatari ndogo ya maradhi ya moyo, lakini kazi nzito iliambatana na hatari kubwa zaidi. Mzigo wa saa nyingi hupandisha shinikizo la damu bila kuupumzisha moyo. Mchukuzi anahitaji mapumziko na mizigo ya kadiri, na hayo hudaiwa kwa mwajiri.

Kwa wanaokaa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Kupanda kilima cha Kololo kutoka Kamwokya hakuna nauli. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Maswali ya kujadili tawini: Kazini kwenu nani hukaa muda mrefu bila kunyanyuka? Nani hubeba bila kupumzika, na saa zake hupangwa na nani?