Ndege na Wavu wa Wataalamu

Wasomaji wenzangu, sisi tuliotega ndege kwa ulimbo utotoni twajua kuwa tawi lile lile halinasi siku ya pili. Wataalamu nao wamelikuta jambo hilo. Wao husimamisha wavu mwembamba usioonekana upesi, humpima ndege aliyenaswa, humvika pete yenye namba mguuni, kisha humwachilia. Huko Ngulia, Kenya, kazi hiyo ilianza mwaka 1969, na pete hizo zimefunua safari za ndege wadogo hata Ulaya.

Lakini ndege akishikwa huogopa mno. Baada ya dakika 3 hivi homoni ya mfadhaiko huzidi damuni mwake. Akiisha kuachiliwa, pengine huchelewa kurudi kula, na mara nyingi hupaepuka mahali pa wavu.

Tuseme katika msitu wetu wa Cyamudongo wananaswa chozi 20 siku ya kwanza, na siku ya tatu 5 tu. Je, tuandike kuwa 15 wametoweka? La, hasha! Huenda wapo juu ya mti, wanautazama wavu. Ndiyo maana wavu huhamishwa, na sauti za ndege husikilizwa na kuhesabiwa alfajiri.