Mashine ya Kuvuta Vumbi kwa Nyumba ya Mazulia
Kijitabu cha elimu ya afya kwa familia

Nyumbani wengi wetu tulizoea sakafu ya saruji. Unafagia, unamwaga maji, unapiga deki, na kabla ya saa sita mchana pamekauka. Mkeka au zulia dogo hutolewa nje, hukung'utwa, huanikwa juani mpaka jioni. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Marekani na Kanada zimekuta nyumba za namna nyingine: zulia limebandikwa ukuta hadi ukuta, kuanzia sebuleni, kupitia ujiani, mpaka vyumba vya kulala. Zulia hilo halitoki nje wala halianikwi. Kila kinachoangukia humo hubaki humo mpaka mashine ikitoe, na kama mashine haiwezi kazi yake, kitabaki kwa miaka.

Kijitabu hiki ni cha familia ambayo mashine yake imekufa au imechoka na sasa inatafuta nyingine. Tunaomba kikisomwa kisomwe na wote wawili, mwenye kutoa fedha na mwenye kufanya usafi, maana mara nyingi si mtu mmoja.

Kilichomo ndani ya zulia

Vumbi la nyumbani ni mchanga wa viatu, nyuzi za nguo, makombo, nywele, manyoya ya paka au mbwa, na magamba madogo ya ngozi yanayopukutika kutoka miilini mwetu kila siku. Magamba hayo ndiyo chakula cha utitiri wa vumbi, wadudu wasiofika hata nusu milimita ambao macho hayawezi kuwaona vizuri. Hawaumi. Tatizo ni kinyesi chao: mtu mwenye mzio akikivuta puani hupiga chafya, hutokwa machozi, na mwenye pumu hubanwa kifua. Utitiri hupenda penye joto na unyevu, kwa hiyo zulia nene, godoro, mito na makochi ya kitambaa ndiyo makazi yao.

Mtoto anayetambaa yuko karibu na vumbi hilo kuliko sisi. Uso wake uko sentimita chache kutoka kwenye zulia, na mikono yake huenda mdomoni muda wote.

Kabla hujatoa pesa

Mashine inayoonekana kufa mara nyingi imeziba tu. Chomoa waya kwenye umeme, igeuze chali, utazame brashi. Nywele ndefu na nyuzi zikijizungusha hapo brashi husimama. Zikate kwa mkasi. Angalia mkanda wa mpira unaoizungusha: ukikatika au ukilegea, mpya huuzwa kwa dola chache. Pitisha mpini wa ufagio ndani ya bomba kuona kama kuna soksi au kipande cha karatasi kilichokwama. Chujio likiwa jeusi na limeshikana, lioshe kama maelekezo yanaruhusu, au nunua jingine. Ukishafanya haya na bado mashine inanguruma bila kuvuta, au inatoa harufu ya kuungua, iache. Harufu hiyo ni hatari ya moto.

Brashi kwanza

Mwaka 1907, mjini Canton katika jimbo la Ohio, James Murray Spangler alikuwa mfanyakazi wa usafi katika duka kubwa. Alikuwa mgonjwa wa pumu, na kifaa alichotumia kusafishia mazulia kilimtifulia vumbi na kumkohoza. Akachukua mota ya feni, kisanduku, mpini wa ufagio na foronya ya mto, akaunda mashine yake mwenyewe. Mota ile ile ilivuta hewa na kuzungusha brashi, na foronya ikapokea vumbi. Mwaka 1908 alipata hataza, kisha familia ya Hoover ikanunua uvumbuzi wake. Mashine hii ya kusukuma ndani ya nyumba, basi, ilianza kwa ajili ya kifua cha mtu aliyesafisha mazulia, na mambo mawili aliyoyahitaji yeye, brashi inayozunguka na mfuko wa kushika vumbi, ndiyo ya kuyaulizia dukani hata leo.

Kwenye sakafu ya mbao au vigae, kuvuta hewa kunatosha kwa sababu uchafu uko juu. Kwenye zulia uchafu umeshuka hadi kwenye mizizi ya nyuzi. Ni lazima kitu kizipige na kuzipanua nyuzi hizo ndipo hewa ichukue kilichomo. Kwa hiyo mashine ambayo kichwa chake hakina brashi inayozungushwa na mota haiifai nyumba ya mazulia, hata kama sauti yake ni kubwa na bei yake ni ya kuvutia. Zipo za kusimama wima, ambazo mota na brashi viko pamoja, na zipo za kisanduku kinachoburutwa nyuma kwa bomba refu. Zote zinafaa, mradi kichwa kina brashi yenye mota. Ya wima ni rahisi kuelewa na husafisha eneo kubwa haraka. Ya kisanduku ni rahisi zaidi kwenye ngazi na chini ya vitanda.

Hakikisha pia kichwa kinaweza kupandishwa na kushushwa. Zulia fupi na gumu linataka brashi ishuke. Zulia la manyoya marefu linataka ipande, vinginevyo kichwa hunata sakafuni na mkono unachoka kabla chumba hakijaisha. Kama pana sehemu ndogo ya vigae jikoni, tafuta swichi ya kuzima brashi ili isirushe makombo.

Vumbi lisirudi hewani

Hapa ndipo familia yenye mgonjwa wa pumu isipopaswa kubana matumizi. Hewa yote inayoingia kwenye mashine hutoka tena. Chujio likiwa hafifu, mchanga hubaki ndani na vumbi laini, lile linalofika mapafuni, hupulizwa chumbani.

Chujio la kiwango cha HEPA hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3, na chembe kubwa zaidi au ndogo zaidi ya hapo hunaswa kwa urahisi zaidi. Lakini soma boksi kwa makini. Zipo mashine zinazotaja neno HEPA kwa kuzungukazunguka, kwamba chujio ni la mfano wake au linafanana nalo. Hilo si lenyewe. Na chujio zuri ndani ya mashine yenye mianya ni kazi bure, kwa sababu hewa hupita penye upenyo. Uliza kama mfumo wote umefungwa usivujishe hewa. Njia rahisi ya kuipima mashine uliyo nayo ni kuiwasha usiku katika chumba chenye giza na kumulika tochi kwenye viungo vyake na sehemu inapotolea hewa. Vumbi likicheza kwenye mwanga wakati mashine inavuta, unaona lilipopenya.

Kuhusu mfuko na kikombe cha kukusanyia vumbi, maoni yetu ni haya: nyumba yenye pumu inunue mashine ya mfuko. Tunajua kikombe cha plastiki kinakuokolea gharama ya mifuko, na tunajua hesabu za mwisho wa mwezi. Lakini kila unapokimwaga, wingu la vumbi hurudi usoni mwako. Mfuko hutolewa ukiwa umefumba vumbi lake. Ubadilishe kabla haujajaa kabisa, kwani uliojaa hudhoofisha uvutaji. Ikiwa fedha zako zinaruhusu ya kikombe tu, kimwage nje, ndani ya mfuko wa plastiki, na kazi hiyo afanye asiye na pumu.

Nembo mbili zinaweza kukusaidia. Carpet and Rug Institute ya Marekani hupima mashine kwa kuangalia inatoa uchafu kiasi gani, inazuia vumbi lisirudi hewani kiasi gani, na inalichakaza zulia au la. Asthma and Allergy Foundation of America nayo hutambua mashine zinazofaa watu wenye pumu na mzio.

Wati, betri na roboti

Usinunue kwa kutazama wati au ampea. Namba hizo zinaeleza umeme unaoliwa, hazielezi uchafu unaotoka. Mashine ya betri ni nyepesi na nzuri kwa makombo ya chakula cha jioni, lakini ukiiweka kwenye nguvu zote ili iliweze zulia, betri huisha upesi. Nyumba ya vyumba vitatu vya zulia inahitaji ya waya. Roboti inapunguza vumbi la kila siku. Usiitegemee peke yake. Wala usinunue mashine kwa nia ya kuituma nyumbani baadaye: za Marekani zimeundwa kwa volti 120, na Afrika Mashariki umeme ni kati ya volti 220 na 240.

Mashine ya mtumba inaweza kuwa nzuri, lakini inaweza pia kuleta mayai ya kunguni kutoka nyumba ya mtu. Ikague nje ya nyumba, tupa mfuko wake, badilisha chujio, futa bomba na brashi kabla haijavuka mlango.

Namna ya kuitumia

Nenda polepole. Kusukuma haraka hakuipi brashi nafasi. Pitia mahali pale pale mbele na nyuma, kisha pitia kwa kukata upande wa pili. Mara moja kwa wiki ni kiwango cha chini. Penye pumu, wanyama au mtoto anayetambaa iwe mara mbili au zaidi. Vumbi hupanda wakati wa kazi, kwa hiyo mgonjwa akae chumba kingine na asirudi mara moja. Kama mgonjwa ndiye anayefanya usafi, avae barakoa ya N95. Godoro na makochi yasisahaulike.

Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni ishikwe kwa nguvu zote. Inapunguza mchanga na sumu za barabarani kabla hazijafika kwenye zulia.

Ambayo mashine isiguse

Kinyesi cha panya kisivutwe kwa mashine wala kufagiwa kikavu, kwa kuwa virusi vya hanta vinaweza kurushwa hewani. Kiloweshwe kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha kiokotwe kwa karatasi mkono ukiwa na glavu. Zulia lililolowa maji ya bomba lililopasuka halisubiri mashine hii: likaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo ukungu utaota chini yake. Mjulishe mwenye nyumba siku hiyo hiyo, kwa maandishi.

Nyumba iliyojengwa Marekani kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi. Vumbi la rangi hiyo huharibu ubongo wa mtoto, na mashine isiyo na chujio halisi la HEPA hulisambaza. Rangi ikibanduka, ita idara ya afya ya mji wako. Mtoto mwenye bima ya Medicaid ya Marekani ana haki ya kupimwa damu kwa ajili ya risasi akiwa na miezi 12 na tena akiwa na miezi 24, mkumbushe daktari.

Mashine nzuri hupunguza vumbi, haitibu pumu. Mtoto anayekohoa usiku au kupumua kwa mluzi apelekwe kliniki, na daktari aambiwe kwamba nyumba ni ya mazulia. Akiona zulia ndilo linalomwumiza mtoto, mwombeni aandike barua ya kuomba liondolewe chumbani, muipeleke kwa mwenye nyumba na kubaki na nakala.